Usibadilishe Kebo Kabla Hujaziona Pakiti

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, kompyuta za ofisini kwetu zinakosa mtandao kila asubuhi. Nimebadilisha kebo zote, hali ni ileile." Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Yaliyomkuta yalishanikuta.

Nilikuwa fundi wa mtandao kwenye ofisi ya watu kama arobaini. Siku tatu nzima nilibadilisha kebo, nikazima na kuwasha swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi), nikamlaumu mtoa huduma. Siku ya tatu bosi akaniambia mbele ya watu: "Kijana, kama kazi imekushinda, sema." Kauli ile inaniuma hadi leo.

Kesho yake nilifika mapema, nikachomeka laptopu kwenye swichi ya Cisco na kufungua Wireshark, programu inayoonyesha pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Niliona kompyuta za wenzangu zikiomba anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao), kwa kuwa ombi hilo hutangazwa kwa wote. Majibu sikuyaona, maana swichi huyapeleka kwenye poti (tundu la kebo) ya mwombaji peke yake. Ndipo nikaiamuru swichi inakili yote yanayopita poti ya 5 na kuyapeleka poti ya 24, nilikochomeka laptopu:

monitor session 1 source interface Gi1/0/5 both
monitor session 1 destination interface Gi1/0/24

Palepale nikakatika. Poti inayopokea nakala huacha kazi zake za kawaida, na mimi nilikuwa nimeingia kwenye swichi kwa SSH (njia ya kuiamuru kupitia mtandao) kwenye hiyohiyo 24. Ndugu yangu, ingia kwa kebo ya konsoli, inayokuunga na swichi moja kwa moja bila kupitia mtandao.

Nilipokwisha kuunga konsoli, nikamwomba dada wa mapokezi, mwenye poti ya 5, awashe kompyuta yake. Discover (ombi la anwani) moja, Offer (jibu linalotoa anwani) mbili! Ya kwanza kufika ilitoka 192.168.0.1, ya pili ilitoka 10.10.0.1, ambayo ndiyo ruta yetu halali. Kumbe kompyuta zilikuwa zikilipokea jibu la kwanza, la kifaa kisicho chetu, ndipo zikakosa mtandao. Nikachukua anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya yule mvamizi, nikaitafuta kwa amri ya show mac address-table, swichi ikanijibu Gi1/0/17. Nikaifuata kebo hadi chini ya meza moja ya uhasibu. Nyuma ya boksi la karatasi kulikuwa na ruta ndogo ya Wi-Fi ya nyumbani, taa yake ya kijani inamemeta. Mtu aliileta ili simu yake ipate intaneti. Nikaichomoa, nikawasha DHCP snooping (kinga ya swichi inayozuia vifaa visivyoruhusiwa kugawa anwani), na tatizo halikurudi. Bosi hakuniomba radhi.

Ndiyo maana nasisitiza: ona pakiti kwanza. Nakili poti moja tu yenye shida. Poti ya gigabiti 1 ikijaa kwenda na kurudi ni gigabiti 2, na poti ya nakala ikiwa ya 1, zinazozidi hutupwa. Utadhani mtandao ndio unaozipoteza. Omba pia ruhusa kwa maandishi, kwani unachokinakili ni mawasiliano ya watu. Ukimaliza, zima unakili kwa kuandika no monitor session 1.

Wewe uliyeniandikia, kesho asubuhi anza na kompyuta moja. Hesabu Offer, kisha niambie ni ngapi.