Mzazi naye avae, ila uso uonekane

Swali la wiki: mzazi anayemsindikiza mtoto nyumba kwa nyumba kuomba pipi usiku wa Halloween, naye avae vazi la kujigeuza au abaki na nguo zake?

Avae, tena apendeze, mradi vazi limwachie macho, uso, miguu na angalau mkono mmoja. Mwenye sherehe ni mtoto. Mzazi yuko kazini hata kama ana mbawa mgongoni. Mengi yanayoharibika jioni ya tarehe 31 Oktoba hapa Marekani huharibika kwa sababu mtu amevaa kama anayekwenda kupigwa picha, kumbe anakwenda kutembea gizani na baridini, huku akivuka barabara kila mara.

Nianze na uso. Kinyago kizima huziba macho yasione pembeni, na kwenye baridi pumzi hugeuka maji humo ndani. Watoto wadogo wengi huiogopa sura iliyofunikwa hata wakijua ni mama yao, na mtoto anayeogopa huuchomoa mkono wake akakimbia, pengine kuelekea barabarani. Lipo na jambo ambalo sisi wazazi weusi hatuwezi kulifumbia macho: mtu mzima aliyeficha uso, amesimama usiku kwenye uwanja wa nyumba ya mtu asiyemjua. Jirani hana namna ya kujua kuwa ni baba wa yule kipepeo aliye mlangoni. Bunduki ya kuchezea usiibebe wala usimpe mtoto. Mwaka 2014 huko Cleveland polisi alimpiga risasi na kumuua mtoto mweusi wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya kuchezea, tena mchana kweupe.

Badala ya kinyago tumia rangi za uso, lakini zijaribu kwanza kidogo ndani ya mkono siku moja au mbili kabla, maana ngozi ikiwasha jioni yenyewe umechelewa. Lenzi za macho za mapambo ziache. Kisheria zinahitaji cheti cha daktari wa macho, na zinazouzwa bila cheti zinaweza kuchubua jicho. Yale mavazi makubwa ya kujazwa hewa huchekesha, lakini hewa yake hutoka kwenye feni ndogo ya betri. Betri zikiisha vazi linakunywea mwilini katikati ya mtaa, na hata likiwa limejaa huoni miguu yako wala ngazi ya baraza.

Mfano ninaoupenda, kwa kuwa unatimiza masharti yote, ni mfuga nyuki na nyuki wake. Mzazi anavaa ovaroli nyeupe, au shati na suruali nyeupe, na kwa usiku nyeupe ni nusu ya usalama. Kofia iwe ya ukingo mpana. Yenye kipenyo cha sentimita 35 ina mzingo wa takriban sentimita 110. Neti usiishone kuuzunguka wote, shona nusu ya nyuma tu, kutoka sikio hadi sikio. Hapo utahitaji kipande cha sentimita 80 kwa 45, ukikunje marinda hadi kifike 55. Kwa mbali unaonekana mfuga nyuki kamili, ilhali uso uko wazi. Bomba la kufukizia moshi litengeneze kwa kopo tupu la maziwa ya unga: kunja makali ya mdomo, funga mpini wa waya uliozungushiwa kitambaa, kisha weka tochi ndani. Hiyo ndiyo taa yako ya njiani, na mkono wa pili unabaki kwa mtoto.

Nyuki naye anunuliwe sweta nyeusi yenye zipu na kofia, saizi moja zaidi ya yake ili nguo za joto zikae chini. Milia mitatu ya njano yenye upana wa sentimita 5 inakula karibu mita mbili na nusu za utepe. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanashona mlia mmoja mfululizo kuzunguka mwili, sweta inapoteza mvutano wake na haivaliki tena. Kata utepe kwenye mishono ya ubavuni na kwenye zipu. Kwa kuwa nyeusi haionekani usiku, mlia wa chini, mbele na nyuma, uwe wa utepe wa kuakisi mwanga. Mbawa zikate kwenye kitambaa cha felti, tabaka mbili, sentimita 30 kwa 20, zisitiwe waya, na zifungwe kwa vifungo vya kubana ili zitoke upesi. Mkipanda gari mbawa zivuliwe, na sponji lolote la kunenepesha tumbo pia, kwa sababu mikanda ya kiti cha mtoto lazima ilale karibu na mwili.

Pindo la nguo yoyote, ya mzazi au ya mtoto, liishie juu ya kifundo cha mguu. Majoho na sketi za kuburuta hukanyagwa kwenye ngazi, na barazani hupita karibu na maboga yenye mishumaa inayowaka.

Baridi isipuuzwe. Minnesota wanakumbuka Halloween ya 1991, dhoruba ya theluji ilipoanza siku hiyohiyo, na hadi inakwisha ilikuwa imemwaga zaidi ya sentimita 70 katika eneo la Minneapolis. Mwaka wa kawaida si hivyo, lakini vazi lisiloweza kuvaliwa juu ya sweta halifai.

Kanzu na kofia ya kiua ziachie Idi na harusi. Ukizivaa jioni hiyo, jirani atakuuliza umejigeuza nani, na hapo sijui utamjibu nini.

Mlangoni, simama hatua chache nyuma ya mtoto, pale mwenye nyumba anapokuona vizuri. Vazi lako halikupi tiketi ya pipi, na mtu mzima kushika mfuko wake mwenyewe ni aibu, labda awe amebeba wa mtoto aliyechoka. Nyumba iliyozima taa ya baraza ipiteni. Halloween ya makanisani, ambako magari hupangwa uwanjani buti zikiwa wazi na watoto huomba pipi kwenye magari hayo, ni tofauti kidogo: hapo mzazi ndiye mgawaji, hatembei, anaweza kuvaa vazi zito zaidi.

La mwisho, chagua jozi ambayo kila mmoja anaeleweka akiwa peke yake. Watoto hukataa vazi wakiwa wameshafika mlangoni, na ukilazimisha utatembea na kilio mtaa mzima. Mfuga nyuki bila nyuki bado ni mfuga nyuki. Aliyevaa nusu ya nyuma ya farasi atakuwa na kazi ya kujieleza kila nyumba.