Ziwa likifungwa, ada ya programu inaendelea

SWALI: Shikamoo dada. Nachora lebo za dagaa na sabuni za mawese kwa iPad, hapa Mwanga, Kigoma. Wenzangu wanasema programu ya kulipia kila mwezi ndiyo ya kitaalamu, ya kununua mara moja ni ya kujifunzia. Nishike ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nunua mara moja. Mimi niko Ujiji na wateja wetu ni walewale, kwa hiyo naanza na ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Dagaa wakiadimika, nani ataagiza lebo? Ada ya mwezi haisubiri. Inakatwa tu, na kadi yako ikikosa salio unaweza kufungiwa zana huku kazi ya harusi iko mkononi. Kwa kijana anayejitegemea, huo ni mzigo, na inaniuma kuona mnaubeba kwa kuogopa kuitwa wanagenzi.

Adobe, watengenezaji wa Photoshop, waliacha kuuza matoleo mapya ya kununua mara moja mwaka 2013, na ofisi kubwa zikakubali kulipa kila mwezi. Fedha za ofisi hizo zinaingia kila mwezi. Procreate, programu ya kuchora kwenye iPad inayotengenezwa Tasmania, Australia, ipo tangu 2011 na inauzwa mara moja, dola 12.99 kwa bei ya Marekani. Wachoraji wanaolipwa vizuri wanaitumia.

Ila iangalie hapa: Procreate huchora kwa pikseli, yaani vidoti vidogo vya rangi. Lebo ya sentimita 8, mteja akitaka iwe bango la duka, itatoka na ukungu. Nembo ichore kwenye programu ya vekta, inayochora kwa mistari ya hesabu badala ya vidoti, kisha ikuze utakavyo.

Soma pia masharti ya kifaa chako. Clip Studio Paint, programu nyingine ya kuchora, kwenye kompyuta unaweza kuinunua mara moja. Kwenye iPad ni ya kulipia kwa mwezi au mwaka.

Ukipata kazi moja inayolazimisha programu ya kulipia, lipia mwezi huo, gharama uiweke kwenye ankara ya mteja, na usitishe mapema. Ukilipia kupitia App Store, kwa kawaida utaendelea kuitumia hadi mwezi wako uishe. Kabla haujaisha, toa kila faili kwa PSD (faili la Photoshop linalotunza tabaka za mchoro) na PDF, uhifadhi nje ya programu hiyo.