Suke likishachomoza, mbolea ya kukuzia imechelewa

Juma lililopita msomaji mmoja wa Endebess aliniandikia: "Habari mzee. Boma Rhodes yangu ya mbegu imeanza kutoa masuke. Nimenunua magunia matatu ya CAN. Niimwage leo?" Boma Rhodes ni nyasi za malisho ya mifugo, naye anazilima ili auze mbegu zake; CAN ni mbolea ya naitrojeni. Nilisoma mara mbili, nikaweka simu chini. Nililiona shamba langu la mwaka 2021.

Mwaka ule nilikuwa na ekari mbili. Nyasi zilipokuwa zikichipua sikuwa na pesa ya mbolea. Nilisubiri malipo ya maziwa. Yalipoingia, masuke yalikuwa yameshachomoza. Nikamwaga magunia manne siku moja, na usiku mvua ikanyesha. Baada ya wiki mbili shamba lilikuwa la kijani hata wapita njia wakawa wanasimama kulitazama. Nilijiona mkulima.

Kisha nyasi zikalala. Masuke ya kwanza yalikuwa ya kahawia, yanapukutika, na chini yake machipukizi mapya ndiyo kwanza yanatoa maua. Nivune lini? Nikiwahi, nusu ni mabichi. Nikingoja, zilizokomaa zinapeperuka, maana mbegu ya Rhodes ni nyepesi kama manyoya. Nilivuna katikati. Magunia yalijaa, lakini ukisugua viganjani ni makapi matupu. Mnunuzi akapima uotaji, akanirudishia mzigo wote. Aliniambia mbele ya wakulima wenzangu nirudi kwenye mahindi yangu. Maneno yale bado yananichoma.

Na kweli kosa lilitoka kwenye mahindi. Sisi wa Trans Nzoia tumezoea kuweka CAN mahindi yakifika magotini, basi tunadhani nyasi nazo zitasubiri zirefuke. Nyasi za mbegu hazisubiri. Idadi ya masuke huamuliwa chini kabisa, wakati shina linatoa machipukizi. Naitrojeni ikifika wakati huo, machipukizi huwa mengi na hutoa masuke kwa pamoja. Ikifika baadaye, mmea unaongeza majani na kuanzisha machipukizi ambayo hayatakomaa na wenzake.

Msimu huu nilikata nyasi mwishoni mwa Aprili ili zichipue upya, nikaacha kimo cha ngumi. Nyasi zilizokatwa nikaziondoa zote shambani, nikafunga marobota. Siku ya tatu, udongo ukiwa na unyevu, niliweka magunia mawili ya CAN kwa ekari, yaani naitrojeni kilo 26 hivi. Basi. Sikurudi tena na mbolea. Masuke yalitoka kama yameitwa kwa kengele, nikavuna ekari zote mbili ndani ya wiki moja, na mnunuzi yuleyule akachukua kila gunia. Safari hii hakuwa na la kusema.

Ndugu zangu, mbona tunapenda mbolea inayoonekana? Tunataka kijani cha kuonyesha jirani. Mbegu haiuzwi kwa rangi ya jani! Tafuta pesa ya CAN kabla hujashika panga, hata ikibidi uuze marobota ya mwaka jana. Ukiwa na shaka, ng'oa shina moja, lipasue kwa kisu toka chini. Ukikuta suke changa limeshaanza kupanda ndani ya bua, umechelewa, funga gunia. Wanaotumia mbolea ya yurea wawe waangalifu zaidi: ukiimwaga juu ya udongo bila mvua karibu, sehemu yake inapotelea hewani. Na mvua kubwa ikikaribia, usiweke chochote. CAN inazama chini kuliko mizizi inavyofika.

Kwa kijana wa Endebess: magunia yako matatu yaweke stoo, juu ya mbao, yasiguse sakafu. Masuke uliyonayo yavune jinsi yalivyo, hata yakiwa machache. Halafu kata nyasi hadi kimo cha ngumi, toa mabaki yote, na kama mvua bado ipo, hapo ndipo ufungue gunia la kwanza.