Sauti yako bado ipo: barua kwa mwanangu aliye Kampala

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia wajukuu ni wazima na homa imemwachia yule mdogo. Swali lako la mwisho ndilo limenishikisha kalamu. Unasema una miaka 36, kazi ni ya kutwa, unarudi Kireka usiku na taksi, na tangu umalize shule huimbi tena isipokuwa kanisani. Ukiimba nyimbo mbili sauti inakwaruza, na noti za juu ulizokuwa ukizifikia bila jasho sasa hazipatikani. Unauliza kama inawezekana kurudi, na kama inawezekana, ununue kinanda au adungu, kile kinubi cha huku kwetu.

Inawezekana kabisa. Tuanze na sauti, chombo kitafuata.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya kikoromeo. Mwanamke akizungumza kawaida, hukutana na kuachana takriban mara 200 kwa sekunde moja; akiimba ile noti A iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, ni mara 440. Misuli inayozivuta ikikosa kazi hulegea kama misuli mingine yoyote. Wewe kutwa unaongea kwa noti nne au tano za chini, halafu Jumapili saa tatu unaidai sauti ipande ghafla. Haiwezi, basi unaisaidia kwa kukaza shingo na kusukuma pumzi nyingi. Huko kukwaruza kunatoka hapo. Usiusingizie umri: kwa mwanamke, mabadiliko makubwa ya sauti huja zaidi hedhi inapokoma, na wewe huko bado.

Kwa hiyo ninachokuomba ni dakika 10 kila siku. Saa mbili za Jumamosi hazifanyi kazi hiyo, hata ukizifanya kwa moyo wote, kwa sababu misuli hujengwa na kazi ndogo inayorudiwa, na sauti iliyokaa kimya wiki nzima ukiifanyisha kazi saa mbili huamka Jumapili imevimba.

Dakika 5 za kwanza ni za mrija. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ibaki na maji nusu, utumbukize mrija wa soda uzame kama upana wa vidole viwili. Bana midomo kuuzunguka mrija pasivuje hewa, kisha toa “uuu” ndani yake kwa kimo kile unachosemea. Tazama mapovu. Yanatakiwa yatoke mfululizo, ya ukubwa mmoja, kama maji ya chai yanapoanza kuchemka. Yakiruka na kukatika, pumzi yako haitoki sawasawa. Ukizoea, pandisha “uuu” hiyo taratibu hadi juu na uishushe bila kukata, kama king’ora cha gari la wagonjwa. Mwisho pitisha wimbo mzima unaoupenda ndani ya mrija, bila maneno. Maji yanasukuma hewa irudi nyuma kidogo, na msukumo huo unazifanya nyuzi ziguse kwa wepesi badala ya kugongana. Ndiyo maana unaweza kupanda juu kwenye mrija bila maumivu, kabla hujaweza kupanda kwa mdomo wazi.

Mambo mawili huharibika hapo. La kwanza, hewa hutoroka puani: bana pua kwa vidole ukiendelea kutoa sauti, ikibadilika, inavuja. La pili, ukifika kimo fulani mapovu yanakatika au sauti inapasuka. Hapo ndipo sauti ya kifua, ile nzito ya chini, inapoiachia nafasi sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Usiongeze nguvu. Punguza pumzi, pita polepole, rudia mara tano sita. Ukipita kwa nguvu, mwili unajifunza nguvu, na kuiondoa baadaye ni kazi kuliko kujifunza upya.

Dakika zinazobaki ni za pumzi na wimbo. Lala chali kwenye mkeka, weka kitabu tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya nne kitabu kikipanda na mabega yakitulia, kisha itoe kwa “sss” nyembamba. Anza na sekunde 15, fika 25 kwa mwezi. Halafu imba ubeti mmoja, wa kati, si wa juu.

Kuhusu muda: usifanye hivi ukiwa ndiyo umeamka tu. Usiku umelala, majimaji yamekusanyika kwenye nyuzi, zimenenepa kidogo, ndiyo maana sauti ya alfajiri huwa nzito. Subiri umeoga na kuongea na watoto. Mrija unaweza kuufanya uji ukichemka, ila kaa mbali na moshi wa sigiri. Kuvuma “mmm” unapotembea kwenda steji ni kuzuri sana. Ndani ya taksi acha. Mtu akiwa kwenye kelele huinua sauti bila kujijua, na redio ya dereva ikiwa juu utafika mjini umechoka koo bila kuelewa ni kwa nini. Hata jikoni, ukitaka kuimba pamoja na redio, ishushe mpaka usikie sauti yako mwenyewe vizuri kuliko ya redio.

Uliuliza tangawizi na asali. Kunywa, zinapoza koo, lakini ujue chochote unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kikipita huko utapaliwa. Maji nayo hufika huko kwa kuzunguka mwilini kwanza, hivyo ya kumsaidia mwimbaji wa jioni hunywewa tangu asubuhi. Mvuke wa maji ya moto, ukiuvuta kwa dakika chache, ndio unaofika moja kwa moja. Miezi ya vumbi, Desemba hadi Februari, utakufaa. Kukohoakohoa ili kusafisha koo kunazigonga nyuzi. Meza mate, au kunywa funda la maji. Sauti ikikauka usinong’one kwa kujikaza, nyamaza tu. Na usimeze dawa ya maumivu ili uweze kuimba, maana maumivu ndiyo yanayokuambia uache. Ikikwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Sasa kwaya. Unasita kwa sababu mwalimu wa kwaya anakutaka alto, sauti ya chini ya wanawake, na wewe ulikuwa soprano, ile ya juu. Fanya mrija mwezi mmoja kwanza, kisha jipime: ukiweza kukaa kwenye noti za juu ubeti mzima bila kuinua kidevu, wewe bado ni soprano. Kidevu kikipanda, kaa alto kwa moyo mweupe. Ni sauti ngumu kuliko soprano, kwa sababu haibebi wimbo unaojulikana. Sikio lako litavutwa kwenda juu kila mstari.

Njia ya kuishika ni ile ile ya solfa uliyofundishwa, noti zinazoandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Kabla hujaimba, piga makofi na utamke majina kwa mdundo: nukta mbili zinatenga mapigo, nukta moja inagawa pigo katikati, kistari kinashikilia noti iliyotangulia. Wanakwaya wengi hukosea kwenye kistari, wanapumua hapo badala ya kushikilia. Mdundo ukikaa, imba solfa polepole, kisha “lu” bila majina, na maneno yaje mwisho. Anza na mistari minne ya mwisho wa wimbo, kisha minne inayoitangulia, urudi hivyo hadi mwanzo. Ukijifunza kwa kuanzia mwanzo, mwisho ndio unaobaki haujaiva, na mwisho ndio watu wanaokumbuka wakitoka.

Mkishuka kimo pamoja, na kwaya bila kinanda hushuka, chunguza sehemu tatu: noti moja inayorudiwa mara nyingi, mistari inayoteremka, na noti “m” na “t”, ambazo watu huziimba chini kidogo kwa sababu hatua ya kwenda “f” au “d” ni nusu tu. Hatua za kupanda zifanye kubwa, za kushuka ndogo. Noti inayorudiwa ifikirie kama inapanda ngazi.

Wimbo ukiwa wa Kiluganda, usiridhike na kuusoma kwa macho. Urefu wa irabu unabadilisha maana: okusiba ni kufunga kwa kamba, okusiiba ni kushinda kutwa au kufunga saumu. Muulize jirani akutamkie kila mstari kwanza, ujue irabu gani unaruhusiwa kuivuta na ipi ikatwe.

Na hilo linanipeleka kwenye chombo. Kinanda ni kizuri kwa nyimbo za kitabu. Lakini umeandika kwamba majirani wanapoimba nyimbo zao za asili, ukizitafuta kwenye kinanda cha rafiki yako “zinaharibika”. Hujakosea. Mpangilio wa amadinda, ile marimba ya mbao 12 ya Buganda, unagawa oktava, yaani safari ya d hadi d ya juu, katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa. Kinanda kina hatua 12, na ukichagua tano humo, baadhi zinakuwa pana kuliko nyingine. Noti za amadinda hazipo kwenye vibao vyake. Nyimbo hizo zitafute kwa sikio, au kwa endingidi, fidla ya Buganda, ambayo ina uzi mmoja na kidole ndicho kinachochagua.

Kwa nyumba yako mimi ningechukua adungu ndogo ya huku kwetu West Nile. Haihitaji umeme, haiwafuniki watoto sauti, na nyuzi zake nane zinapangwa d hadi d ya juu, solfa ile ile. Panga kwanza d ya chini, kisha d ya juu, kisha s, halafu m, na nyingine zijaze katikati. Nyuzi mpya za nailoni hunyooka siku kadhaa, kwa hiyo wiki ya kwanza utaipanga kila siku, si mbovu. Mvua ikinyesha ngozi hulegea na kimo kinashuka. Iweke mahali pakavu, si juani kutwa, ngozi itapasuka. Ukinunua, kagua pale shingo inapoingia kwenye mwili: ikicheza, nyuzi hazitakaa.

Ukiimba na watoto, usiimbe kimo chako cha kuongea. Kwao ni chini mno, ndiyo maana unasema wananguruma. Watoto wadogo huimba vizuri kati ya D na A, zile za juu ya C ya katikati. Anzia hapo, na wewe mwenyewe utapata zoezi.

Jumapili jioni weka simu mezani, urudi nyuma hatua mbili ili isipasue sauti, urekodi ubeti mmoja, unitumie. Nitumie wa kwanza, usiuchague. Nikisikia “m” inashuka nitakuandikia ni kwenye neno gani.

Mama yako