Tabo ya petroli kwenye joto la Malindi: niliyolipia mimi, wewe usilipie

Jioni moja nilifika nyumbani Maweni, hapa Malindi, nikitoka Mombasa, kilomita 120 hivi, nyingi nikiwa nakimbizana na malori. Nikazima injini, nikatoa ufunguo, nikafunga mlango. Chini ya boneti bado kitu kilikuwa kinavuma, mvumo mdogo kama wa friji ya soda dukani. Ulidumu dakika kadhaa, kisha ukakatika wenyewe. Jirani yangu alikuwa barazani. Akacheka: "Bwana we, gari lako limekataa kulala."

Kesho yake nikampelekea fundi wa umeme. Akasikiliza, akasema hapa pana kitu kinanyonya betri, akafuata waya mpaka akaupata, akauchomoa na kuuviringa tepu nyeusi. Nikamlipa shilingi 500, na shukrani juu.

Kile alichokizima kilikuwa pampu ndogo ya maji inayoendeshwa na umeme. Kazi yake ni moja tu: injini ikishazimwa, iendelee kuzungusha maji kwenye tabo mpaka ipoe. Gari halikuwa na hitilafu yoyote. Tulilitengeneza mpaka likaharibika, na ndiyo maana jina la kiwanda sitalitaja hapa, kwa kuwa kosa silo lao.

Kwanza tuelewane tabo ni nini, maana wengi wanaiona kama urembo wa vijana. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu na joto. Badala ya kuachwa uende zake kwenye ekzosi, unapitishwa kwenye feni ndogo. Feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili na feni ya pili, ambayo inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo inaweza kuzidi, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Bei yake ni kwamba moshi wa injini ya petroli unaweza kukaribia nyuzi 1,000, na mhimili ule unaweza kupita mizunguko 150,000 kwa dakika, wakati injini yenyewe ikifika 6,000 tayari inapiga kelele. Mhimili huo, kwenye tabo nyingi, haukai juu ya gololi. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili, basi.

Langu ni lita 1.4, nguvu za farasi 122. Ukisoma namba hiyo peke yake utashangaa, kwa sababu Toyota Axio ya lita 1.5 isiyo na tabo ina kama 110, tofauti ambayo haiwezi hata kuelezwa kwa mke. Namba ya kutazama ni ya pili, ile ya torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm. Axio inatoa kama Nm 140, na mpaka uipate uikanyage hadi mizunguko 4,400. Hili linatoa Nm 200 kuanzia mizunguko 1,500 tu. Ukiwa nyuma ya lori la chumvi kutoka Gongoni na nafasi ya kupita ni fupi, huko ndiko utakakozijua hizo Nm 60. Sikatai, ni raha.

Miezi minane baada ya ile tepu nyeusi, moshi wa buluu ukaanza. Ulikuja zaidi nikisimama muda mrefu kisha nikaondoka. Nikaenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa maneno. Akafungua bomba la hewa, akaniambia, "Tia kidole, mwanangu." Nikashika ncha ya ile feni ndogo, nikaitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Kisha akafungua kibomba cha chuma kinachopeleka oili kwenye tabo, chembamba kama kalamu, akakigonga juu ya gazeti. Vikadondoka vipande vyeusi, vikavu. Ukoko. Ukoko ule ule wa sufuria ya wali, ila huu ni wa oili. Kila nilipotoka safari na kuzima gari likiwa bado la moto, oili iliyobaki ndani ya tabo iliungua pale pale bila maji ya kuipoza, siku baada ya siku, hadi njia ikaziba.

Hapa kuna somo ambalo mafundi wengi wanaliruka. Nikaleta tabo nyingine kutoka Mombasa, na mzee akakataa kuifunga mpaka ninunue pia kile kibomba cha oili kipya na gasketi zake, na mpaka oili yote imwagwe na filta ibadilishwe. Nililalamika, pesa zilikuwa zimeniishia. Akasema tabo mpya kwenye bomba la zamani haimalizi mwezi. Kama fundi wako anataka kurudisha bomba lile lile baada ya kulipuliza upepo, chukua gari lako uondoke. Na kabla ya kuwasha, azungushe injini kwa stata bila kuiacha iwake, oili ifike juu kwanza.

Sasa oili yenyewe, ambayo ndiyo habari yote. Huku kwetu ukisema joto, utaletewa 20W-50, nzito kama asali. Kwa gari la zamani sawa. Kwa tabo, oili nzito asubuhi inachelewa kufika kwenye ule mhimili, na hizo sekunde chache ndizo zinazoula. Fuata kitabu cha gari. Langu linataka 5W-30 ya sintetiki na silipi nyingine, hata ile ya bei nafuu iwe na picha ya simba. Geuza chupa utafute herufi za API, yaani za daraja la ubora wa oili. SP ilianza 2020, na kabla yake SN Plus ya 2018. Zote zililetwa hasa kwa sababu ya injini ndogo za tabo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hizi ukizikanyaga sana wakati mizunguko iko chini, gia ya juu na mlima mbele, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya plagi kutoa cheche, na pistoni ikavunjika. Oili yenyewe inachangia mlipuko huo, ndiyo maana wakaibadilisha. Kwa hiyo, pamoja na kununua SP, shusha gia. Usiiburute injini kwenye kilima kwa kudhani unaokoa petroli.

Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Hizo habari za kilomita 15,000 au 30,000 waachie wa Ulaya wenye baridi yao. Na kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijapanda, nachomoa kijiti nikaangalia kipimo. Injini ya tabo inaweza kula oili kidogo kidogo bila kudondosha hata tone chini, ukaja kustuka kwa taa nyekundu.

Kama bado unatafuta kununua, usianze na boneti. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo kama kuna kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili. Changu nilikigundua nikiwa tayari nimelipa. Kiliandikwa 28, kisha 10, kisha 78,500. Hiyo 28 ni mwaka wa Heisei, enzi ya kalenda ya Kijapani. Ongeza 1988, unapata 2016. Yaani gari lilitakiwa kubadilishwa oili Oktoba 2016 au likifika kilomita 78,500. Mimi nimelinunua 2020, mita inasoma 61,200. Aliyerudisha mita alisahau kubandua karatasi. Vibandiko vipya hutumia Reiwa, enzi iliyofuata, na huo unaongeza 2018.

Pili, nenda asubuhi bila kupiga simu, na kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha, rudi siku nyingine. Unataka kuisikia ikiwaka baridi. Mlio wa minyororo sekunde za mwanzo ni dalili ya mnyororo wa taiming (unaopatanisha vali na pistoni) uliolegea, na huo ukiruka meno, injini nzima imekwenda. Tena usidanganywe na maandishi ya nyuma ya gari. Zile 1.4 TSI za Volkswagen, kwa mfano, ziko za vizazi viwili: EA111 ina mnyororo, na malalamiko ya mnyororo wake yanajulikana, wakati EA211 iliyoingia kwenye Golf ya saba mwaka 2012 inatumia mkanda. Jina moja, lita zile zile, ndani ni injini nyingine kabisa.

Petroli nitaipitia haraka. Kifuniko cha tangi kikisema oktani 95 au zaidi, weka hiyo. Ya chini haitaiua injini mara moja, sensa itaituliza, lakini zile nguvu ulizozilipia utaziacha kituoni. Na dawa za kumimina tangini kusafisha vali, kwa injini zinazopuliza petroli ndani ya silinda, ni kupoteza pesa, kwa sababu petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa.

Chumvi ya bahari nayo ina lake. Kaskazi ikivuma, klipu za mipira ya hewa zinaota kutu, zinalegea, na hewa iliyoshindiliwa inavuja. Gari linakuwa zito na unasikia mlio wa pssss ukikanyaga. Fundi atataka kukuuzia tabo. Wewe mwambie apulizie maji ya sabuni kwenye maungio kwanza atazame povu. Langu lilikuwa klipu moja. Na ukirudi kutoka Sala Gate, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, na lile vumbi jekundu, filta ya hewa isingoje servisi.

Ile pampu nimeirudishia waya. Bado, nikitoka Mombasa, tangu nikipita uwanja wa ndege naendesha polepole hadi nyumbani, tabo ianze kupoa njiani.

Dadangu alilipenda gari langu akataka kama hilo. Yeye anatoka Kisumu Ndogo mpaka mjini, kilomita mbili, anazima, jioni anarudi. Injini hiyo haitawahi kupata moto sawasawa, petroli itakuwa inajichanganya na oili kila siku. Nikamwambia achukue ya kawaida, isiyo na tabo. Alininunia wiki nzima, kisha akanunua Axio. Juzi kaniuliza mbona yake ikizimwa hainguruminguruma kama yangu, au ameuziwa mbovu.