Jibu: Barmbrack ya Samhain imebaki mbichi katikati

Habari dada. Umesema barmbrack yako, yaani ule mkate wa zabibu wa Ireland wa kusherehekea Samhain (sikukuu ya kale ya Kiselti ya mwisho wa mavuno na ya kuwakumbuka wafu), imekauka juu, ila ndani ni tope, na tarehe 31 Oktoba ndiyo hiyo inabisha hodi.

Anza na zabibu. Umeziloweka kwenye chai ya rangi usiku kucha, sawa, lakini ulimimina chai yote iliyobaki? Wangu wa kwanza uliharibika hivyo hivyo. Sasa nachuja, nachanganya zabibu na unga, sukari na yai, kisha narudisha chai kijiko kimoja kimoja mpaka rojo liwe zito, lidondoke kwa kusitasita. Oveni nyuzi 170, kama saa nzima. Juu pakiwahi kuwa kahawia funika na foili. Oveni yako siijui, kwa hiyo amini kijiti cha kuchoma katikati kitoke kikavu, usiamini saa.

Pete inayofichwa ndani ya mkate kubashiri ndoa ya atakayeipata, ifunge kwenye karatasi ya kuokea, na uwaonye wageni. Meno ni ghali huku Ireland.

Kwa taa ya Samhain, ya tanipu (mzizi mgumu wa mviringo) ni ya asili zaidi, lakini kulichimba ni adhabu. Chukua boga. Sahani ya chakula wanayotengewa marehemu usiku huo usiisahau. Bibi yangu mzee wa matambiko angeielewa bila kuelezwa.