Jibu: Albamu ya The Chieftains kutawanyika simuni

Salaam, ndugu. Unasema kwamba The Long Black Veil, albamu ya mwaka 1995 ya The Chieftains, kundi la muziki wa jadi wa Ireland, imetawanyika simuni mwako, nyimbo zikikaa chini ya majina ya waimbaji wageni walioalikwa, hata ukadhani umeuziwa pungufu. Kwanza hesabu nyimbo: zinapaswa kuwa 13. Zikitimia, fungua taarifa za kila faili, uandike The Chieftains kwenye nafasi ya msanii wa albamu (album artist), huku ukiacha jina la mgeni, kama Sting au Mick Jagger, kwenye nafasi ya msanii (artist). Yangu ilijikusanya papo hapo. Usifute majina ya wageni kama nilivyofanya mwanzoni, kwani Sting akiimba kwa Kiairishi si rahisi kumtambua.